Kasuku Aliyemeza Tangazo

Nyumbani kwao hapakuwa na saa ya kengele. Mama alipotaka watoto waamke alikanyaga sakafu ya mbao mara mbili, dum, dum, na kitanda kikatikisika mpaka usingizi ukakimbia wenyewe. Aliyejifanya hakusikia mtikisiko huo alivutwa shuka. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikwisha kujifunza kuamka kwenye dum ya kwanza.

Mama alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima hapakuwa na wa kumshinda kwa kukata suruali. Alimwangalia mteja mara moja tu, kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, na utepe wa kupimia ukabaki shingoni kama pambo. Yeye na wanawe walizungumza kwa lugha ya alama. Mikono yao ilipiga soga, ikataniana na kugombana kama vinywa vya watu wengine. Baba yao, seremala, alifanya kazi mji mwingine na kurudi kila mwisho wa mwezi. Kitinda mimba, mvulana wa miaka mitatu aliyeitwa Kibonge kwa sababu ya mashavu yake, alijua kuomba chakula kwa mikono kabla hajajua kukiomba kwa mdomo.

Binti huyo majirani walimwita Kasuku. "Kasuku, mwambie mama gauni limenibana kwapani." "Kasuku, mwambie mama nitapita kesho." Naye alikariri kila neno, hata yale ambayo msemaji alitamani angeyarudisha mdomoni. Mteja mmoja aliwahi kunong'ona kwamba fundi huyu ana maringo, Kasuku akayapeleka vilevile, na mama akacheka mpaka sindano zikamdondoka.

Lakini kasuku naye huchoka. Kulikuwa na alama moja ambayo binti huyu alikuwa ameanza kuipenda kupita kiasi. Alipunga vidole kando, kama mtu anayefukuza inzi, na maana yake ikawa: "Baadaye. Nitakuambia baadaye." Jioni, msomaji wa habari kwenye televisheni alipokuwa akichezesha midomo, bila maandishi yoyote chini wala mkalimani pembeni, mama aliuliza, "Anasema nini?" Kasuku akafukuza inzi. Watu walipocheka barazani, mama aliuliza, "Wanacheka nini?" Kasuku akafukuza inzi tena. Na hiyo baadaye yake, kama za watu wengi, haikuwa na tarehe.

Jumamosi moja Kasuku alikuwa akiruka kamba na wenzake mbele ya nyumba. Mama alikuwa mlangoni, mguu juu ya pedali ya cherehani, na Kibonge miguuni pake akichezea vifungo. Zamu ya Kasuku ilikuwa imefika, na siku hiyo miguu yake ilikuwa na baraka. Aliruka, akaruka, wenzake wakaanza kuimba kwa kumshangilia.

Hapo ndipo gari la matangazo lilipokata kona, kipaza sauti juu ya paa.

"Wananchi wote mnatangaziwa! Pipa la dawa za kiwandani limemwagikia kwenye tangi kuu la maji. Msinywe maji ya bomba wala msiyapikie. Kuchemsha hakusaidii. Narudia, kuchemsha hakusaidii!"

Mama hakusikia kitu, lakini aliona vichwa vya watu vikigeuka. Alisimamisha cherehani, akapunga kipande cha kitambaa mpaka Kasuku akamwona. "Wanasema nini?"

Kasuku, bila kukosa hata mruko mmoja, alipunga vidole kando. Baadaye.

Usidhani alikuwa na nia mbaya. Tangazo alilisikia lote, na alikusudia kulisema zamu yake ikiisha. Lakini zamu ilipoisha, rafiki yake wa jirani aliwaalika wote kwao kutazama watoto wa paka waliozaliwa jana. Huko walipewa chakula, wakapewa maji ya chupa, na mama wa rafiki akasema, "Kunyweni hayo tu, ya bomba yana sumu leo." Kasuku alikunywa. Moyo ulimwambia kitu, lakini kitoto kimoja cha paka kilikuwa kimemlalia mapajani, na moyo ukanyamazishwa.

Aliporudi nyumbani mchana alikuta mlango wazi, cherehani imeachwa na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Mama hakuwa mtu wa kuacha mshono katikati. Jirani alitoka mbio. "Kasuku, ulikuwa wapi? Mama amekimbilia hospitali! Mtoto anatapika, hajiwezi!"

Kasuku alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamtoka njiani, wala hakurudi kukiokota.

Hospitali ilifurika. Kibonge alikuwa kitandani, yale mashavu yake yamenywea na kupauka, sindano ya maji imechomekwa mkononi. Hakulia. Mtoto aliyekuwa akilia hata akinyimwa kifungo, sasa alikuwa akitazama dari tu. Kasuku alipoona hivyo akashika ukingo wa kitanda.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka, alimgeukia. "Wewe ndiye unayemsemea mama? Afadhali. Mwulize, kwani hamkusikia tangazo? Limepita mitaa yote asubuhi."

Mama aliitazama midomo ya daktari, kisha mikono ya Kasuku, akasubiri.

Tangu azaliwe Kasuku alikuwa ametafsiri bei, salamu, umbea na matusi. Hakuwahi kupewa sentensi iliyomnyooshea yeye kidole. Mikono yake ilipanda, ikasita, kisha ikasema: "Daktari anauliza kama ulichemsha maji."

"Nilichemsha!" mama akajibu haraka. "Mwambie nilichemsha mpaka yakapungua nusu ya sufuria!"

"Anasema hatukusikia tangazo lolote," Kasuku akamwambia daktari.

Kwa pumzi moja alikuwa amedanganya kwa lugha mbili, na kati ya wale watu wazima wawili hakuna aliyeweza kumkamata. Daktari alitikisa kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mama alikaa kwenye benchi kando ya kitanda, mikono yake ikaanza kusema peke yake, kama mtu anayejisemea. "Labda sufuria ilikuwa chafu. Labda sikuisugua vizuri. Mimi ndiye niliyempa kikombe. Alikikataa, akageuza uso, nami nikamlazimisha amalize. Mama gani mimi?"

Kasuku hakuweza tena. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. Alimshika mama mikono ili inyamaze, kisha akaiachia na kusema. Alisema habari za gari, za tangazo, za kamba, za watoto wa paka. Alisema alichouliza daktari kwa kweli, na alichokigeuza yeye.

Mama aliduwaa. Mikono yake ilianguka mapajani ikabaki pale, viganja juu, na huko ndiko kunyamaza kwake. Kasuku alikuwa amezoea kugombezwa, lakini mikono iliyokufa namna ile hakuwahi kuiona, akaogopa kuliko angepigwa. Hatimaye mama aliinua mkono mmoja. Polepole, akimtazama binti yake machoni, akapunga vidole kando, kama anayefukuza inzi.

"Hii?" akauliza.

Kasuku akaitikia kwa kichwa. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, lakini mjukuu huyu alikuja mapema mno.

"Niambie tangazo lote," mama akasema. "Neno kwa neno."

Kasuku akamwambia. Alipofika kwenye "kuchemsha hakusaidii", mama aliruka kutoka kwenye benchi. Akapitisha vidole viwili shavuni kama brashi, juu, chini. Ndilo jina walilomwita rafiki yao, fundi rangi, kiziwi aliyeishi peke yake nyuma ya soko. "Yeye nani amemwambia? Kimbia kamwambie muuguzi! Na mkifika kwake msibishe hodi, mtabisha mpaka kesho. Pitisheni ufagio chini ya mlango mkautikise, atauona."

Kasuku alikwenda na muuguzi ndani ya gari la wagonjwa. Walipitisha ufagio chini ya mlango, wakautikisa. Muda ulipita. Kisha kitasa kikazunguka, na fundi rangi akaonekana akiwa amepiga magoti sakafuni, hawezi kusimama, fulana yake imelowa matapishi. Nyuma yake, mezani, palikuwa na jagi la maji lililofunikwa vizuri kwa sahani.

"Nimechemsha," mikono yake ilisema. "Nimeona watu wamebeba chupa za maji toka asubuhi. Nikadhani ni zawadi za duka jipya. Kuna nini?"

Kasuku alitafsiri, na muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja.

Waliporudi, Kasuku alimfuata daktari moja kwa moja. "Nilikudanganya, daktari. Tangazo tulilisikia. Mimi nililisikia, nikamficha mama."

Daktari alivua miwani. Alikuwa na maneno makali tayari, ilionekana usoni, lakini macho yake yalikwenda kwenye kitanda cha fundi rangi yakakaa hapo. "Umekosa sana, na nadhani unajua," akasema. Kisha akajiuliza kwa sauti ya chini, "Lakini huyu, yeye alifichwa na nani? Hana mtoto wa kumlaumu."

Swali hilo halikumtoka. Kibonge alipoanza kulia tena, kilio kile kibaya cha kunyimwa kifungo, na Kasuku akalia naye kwa furaha, daktari alikuwa tayari amempigia simu rafiki yake mwanasheria. Mwanasheria huyo alifanya kazi katika chama kinachotetea haki ya kila mtu kupata habari. Alikuja na mkalimani wa lugha ya alama, mwanamume mrefu mpole aliyevaa nguo nyeusi ili mikono yake ionekane vizuri. Kasuku aliwahi kusimama atafsiri, kama kawaida yake. Mama akamwashiria akae.

"Mama, una simu?" mwanasheria akauliza. "Idara ya maji haina namba yako?"

Mama akatoa simu, akafungua jumbe zake. Bili ya maji, bili ya maji, kumbusho la bili ya maji. Zilikuja kila mwezi bila kukosa.

Mwanasheria alizitazama, akamtazama daktari. "Bili inajua njia ya kumfikia," akasema, "lakini habari ya sumu haikuijua." Kasuku akakumbuka jambo. Simu hiyohiyo ilikuwa juu ya cherehani siku nzima ile.

Mkutano wa hadhara uliitishwa katika ukumbi wa mtaa baada ya tangi na mabomba kusafishwa. Ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya na ulinuka rangi kila upande. Kasuku alikaa safu ya mbele na Kibonge mapajani, akijisikia wa ajabu. Kwa mara ya kwanza katika mkutano wa watu wazima hakuwa na kazi.

Kabla ya kuanza, fundi rangi, aliyekuwa amepona na kurudi kazini, aliingia akihema, akamwambia mama jambo kwa haraka. Kasuku aliliona. Benchi la wageni jukwaani, lile la kijani, alikuwa amelipaka asubuhi ile kwa rangi ya mafuta na bado lilikuwa bichi. Alikuwa amejaribu kumweleza mlinzi wa ukumbi, na mlinzi akampungia mkono aondoke. Mama alifikiri kidogo. Kisha akamwita mkalimani pembeni wakateta.

Afisa wa idara ya maji alifika amechelewa, suti ya rangi ya maziwa imepigwa pasi ikanyooka. Alisema ana haraka, na angezungumza akiwa amesimama.

"Ndugu zangu, pole kwa yaliyotokea. Lakini tuseme ukweli. Tulitangaza redioni. Tulitangaza kwenye televisheni. Gari lilipita kila mtaa. Tungefanya nini zaidi? Kila kiziwi ana jamaa anayesikia. Na kama mtu hataki kusikia, ndiyo wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Hata mwenyekiti wa mkutano alishika kichwa. Mkalimani alisita, akamtazama mama, na mama akamwashiria kwa kidevu: yote. Akaitafsiri methali ile, neno kwa neno. Kasuku alimkumbatia Kibonge kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mama alipanda jukwaani bila haraka. Akaanza kuzungumza kwa mikono, alama kubwa, zilizo wazi. Mkalimani alikaa kimya, mikono magotini. Viziwi waliokaa upande wa dirisha waliangaliana. Mama akarudia. Akarudia tena.

"Anasema nini?" afisa akauliza. Akamtazama mkalimani. "Mbona hutafsiri? Anasema nini?"

Mama alimgeukia, akapunga vidole kando, kama mtu anayefukuza inzi.

"Anasema, nitakuambia baadaye," mkalimani akatafsiri.

Wengine wakacheka kidogo, kwa wasiwasi. Afisa alitabasamu kwa kukereka, akafungua kifungo cha koti, akakaa kwenye benchi la kijani.

Alihisi mara moja. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto, akageuka kujitazama, na ukumbi mzima ukaona mistari miwili mipana ya kijani kwenye suruali ile ya rangi ya maziwa. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamepigwa na butwaa. Kasuku alijikuta amesimama, mdomo wazi.

Sasa mkalimani alipaza sauti, na maneno ya mama yakajaa ukumbini.

"Nimetangaza, bwana afisa, kwamba benchi hilo lina rangi mbichi. Nimetangaza mara tatu, mbele ya watu wote, kwa lugha yangu. Ningefanya nini zaidi?"

Afisa akajaribu kujifuta, rangi ikamhamia viganjani.

"Ulikuwa umezungukwa na watu wanaoona mikono yangu," mama akaendelea. "Wale kule dirishani walielewa. Binti yangu alielewa. Kila asiyejua alama ana jamaa anayejua, au siyo? Na methali yako nimeiona. Sikio langu halikufa, bwana. Nilizaliwa nalo hivi. Aliyekaribia kufa ni yule pale mwenye mashavu." Kibonge, aliyeona mama akimwonyesha, akampungia mkono.

Mama akamtazama afisa mara moja, kiunoni hadi kisiginoni. "Hiyo suruali njoo kesho, nitakushonea nyingine, na haitakuvuta gotini kama hiyo. Suruali naweza kushona nyingine. Mtoto nisingeweza."

Daktari alikuwa akilia waziwazi, wala hakujifuta. Afisa alisimama, mikono yake ikiwa nyuma kuficha yasiyofichika. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Naomba radhi, mama. Kwa methali, na kwa maji." Kisha akamgeukia mwanasheria. "Hizo jumbe za simu tunaweza kuzituma. Tungeweza siku ile. Hakuna aliyewaza."

Mwanasheria hakumwachia hapo. Alimtaka aseme ni lini, mbele ya wote, na akasema. Kituo cha televisheni, kilichotakiwa kuweka mkalimani kwenye habari, kilichukua muda zaidi, kwa barua, vikao na milango iliyofungwa, na chama kilirudi kubisha kila kilipofukuzwa. Jioni moja, pembeni mwa kioo, alitokea mwanamume mrefu mwenye nguo nyeusi, mikono yake ikisema kila neno la msomaji wa habari. Mama alitazama taarifa yote hadi hali ya hewa. Kisha akaanza kubishana na televisheni kama majirani wote wafanyavyo, na hapo Kasuku akajua mambo yamekuwa sawa.

Siku nyingine, Kasuku akiwa anaruka kamba nje, aliona mwanga wa simu ukimulika juu ya cherehani. Mama akausoma ujumbe. Kasuku akasimamisha kamba.

"Wanasema nini?" akauliza kwa mikono.

Mama aliinua vidole, taratibu, tayari kumfukuza inzi. Kasuku akashtuka. Kisha mama akacheka kicheko chake kikubwa, akamwita aje akae karibu. Maji yangekatika kesho kwa matengenezo, wajaze ndoo leo. Alimwambia yote, hata namba ya simu ya idara iliyokuwa mwishoni.

"Sikiliza, mwanangu," mama akasema. "Ulinificha, na hilo lilikuwa kosa lako. Ulipokiri, mdogo wako alikuwa bado mgonjwa, lakini fundi rangi alipata kuokolewa. Usisahau yote mawili. Ukipewa habari ya mtu, mfikishie nzima na mapema, maana hujui imebeba nini. Lakini kosa la kuuweka mji mzima juu ya ulimi wa mtoto halikuwa lako. Tangazo ambalo halijamfikia kila mtu bado halijatangazwa. Na wewe ni binti yangu, si redio yangu. Sasa nenda, zamu yako inapita."

Kasuku alikimbilia kamba. Lakini kwanza alipita nyuma ya soko, akapitisha ufagio chini ya mlango wa fundi rangi na kuutikisa, kuhakikisha kwamba ujumbe umemfikia.

Ulikuwa umemfikia. Alifungua mlango akiwa tayari ameshika ndoo.